Motokaa Kuukuu Ichemshapo Maji

Motokaa ichemshayo maji ni kama mtu mwenye homa. Homa si ugonjwa wenyewe, bali ni habari ya ugonjwa, na mganga mwenye akili hampi mtu dawa kabla ya kuuliza homa hiyo imetoka wapi. Maana homa ya malaria na homa ya kidonda ni mbili, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Lakini sisi wenye magari ya zamani, tuonapo mvuke ukitoka mbele ya gari, aghalabu hufanya moja katika mambo matatu. Ama humimina maji na kuendelea na safari mpaka yachemke tena. Ama humwachia fundi wa kwanza aliye karibu afungue alitakalo. Ama huliuza gari kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Nataka kueleza njia ya nne, nayo ni kuuliza na kupima kwa utaratibu, tukianza na jambo lisilogharimu kitu na kumaliza na lile ligharimulo fedha nyingi.

Mfano wangu ni gari la nyumba yetu, Land Rover ya petroli ya namna iitwayo Series III, iliyoundwa mwaka 1974. Marehemu baba alituachia, na kwa miaka mingi limekuwa likiendeshwa na madereva wa kuajiriwa chini ya usimamizi wa kaka yangu mkubwa, mimi nikiwa mbali katika kazi ya ukarani. Shamba letu liko Kinangop, yapata mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa mvua za masika njia zetu hugeuka tope, na magari madogo hayapiti. Gari hili ndilo lipelekalo maziwa ya majirani asubuhi, ndilo litoalo viazi shambani hadi barabara kuu, na usiku mwanamke aliyeshikwa na uchungu akihitaji hospitali, mlango unaobishwa ni wetu. Kwa hiyo habari ya kuliuza haikuwa habari ya nyumba yetu peke yake.

Mwezi wa Aprili mwaka 2023 gari lilianza kuchemsha. Likizunguka sokoni bila mzigo, halikuwa na neno. Likipanda kutoka Naivasha na mzigo, kabla ya kufika nusu ya mlima mshale ulikuwa umeingia penye rangi nyekundu, na mvuke ukatoka. Kaka alilipeleka katika gereji moja ya mjini. Fundi alitoa themostati, akaitupa, akajaza maji, akasema ya kwamba magari ya nchi zenye joto hayahitaji kitu kile. Baada ya hapo gari likachemsha upesi kuliko kwanza. Liliporudishwa kwake alitoa hukumu: gasketi ya silinda hedi imeungua, hedi imepinda, na injini yenyewe imekwisha. Bei aliyoitaja ilikuwa bei ya ng'ombe wawili wa maziwa.

Kaka akaniambia, "Mdogo wangu, tusitupe fedha juu ya kitu kilichokwisha kufa. Yuko mnunuzi wa vyuma, naye amekwisha kutaja bei yake."

Nikamjibu, "Kaka, nakuomba siku 3 tu. Nisipoweza kukuonyesha ugonjwa kwa macho yako, nitatia sahihi yangu chini ya sahihi yako."

Naye kwa wema wake akanipa.

Kabla ya kusimulia yaliyotokea, yafaa tufahamu kwanza kazi ya maji katika injini. Petroli ichomwapo ndani ya silinda, yapata robo moja tu ya nguvu yake ndiyo isukumayo gari. Karibu theluthi moja huingia katika maji yanayozunguka silinda, na sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka na moshi. Maji ndiyo mchukuzi wa joto hilo. Pampu huyasukuma kupita ndani ya injini, nayo hupanda kwa mpira wa juu mpaka katika rejeta, hushuka katika mirija myembamba huku upepo wa feni ukiyapoza, kisha hurudi injini kwa mpira wa chini. Basi likichemsha, sababu haziwi zaidi ya nne: ama maji hayatoshi, ama maji hayatembei, ama upepo haupiti, ama joto linalozaliwa limezidi kipimo. Mtu akizishika hizi nne kichwani, hatapotea njia.

Kwetu sisi wa nyanda za juu liko jambo la tano la kukumbuka. Mombasa, pwani, maji huchemka kwa digrii 100. Lakini kadiri mtu apandavyo mlima ndivyo maji yachemkavyo mapema, yapata digrii 1 kwa kila mita 300. Nairobi huchemka karibu na digrii 94, na kwetu Kinangop karibu na 92. Ndiyo sababu kifuniko cha rejeta si kizibo tu kama cha chupa. Ndani yake mna springi na mpira vinavyoyabana maji, na katika magari ya namna hii nguvu yake ni ratili 9 au 10 kwa kila inchi ya mraba. Kifuniko kizima huyazuia maji yasichemke mpaka yapite digrii 105, hata huko kwetu mlimani. Kifuniko chenye mpira uliopasuka huyaacha yachemke kwa digrii 92, hali injini haina ugonjwa wowote. Mtu aliyenunua gari Mombasa akalileta Limuru aweza kudhani ametapeliwa, kumbe kilichochakaa ni kifuniko cha bei ndogo.

Siku ya kwanza nilianza asubuhi, injini ikiwa baridi. Swali la kwanza lilikuwa hili: je, geji yasema kweli? Katika gari hili geji ya joto na geji ya petroli hupata umeme wao kwa kifaa kimoja kidogo nyuma ya dashibodi. Kifaa hicho kikiharibika, mishale yote miwili hupanda pamoja, na mtu akaona gari lina joto na tangi lina petroli nyingi kuliko aliyoitia. Yetu ya petroli ilikuwa sawa, na mvuke wenyewe tuliuona; basi geji haikuwa na uongo.

Swali la pili: gari huchemsha wakati gani? Hili ndilo swali lenye thamani kuliko yote, na halina malipo. Gari linalochemsha likiwa limesimama au likienda polepole katika msongamano, halafu likapoa lipatapo mwendo, aghalabu lina ugonjwa wa upepo: mkanda wa feni umelegea, au lile duara la bati linalozunguka feni limeondolewa. Lakini gari linalotulia sokoni na kuchemsha mlimani lina ugonjwa wa maji yasiyotembea vya kutosha, au wa rejeta isiyoweza kazi yake. Letu lilikuwa la namna hii ya pili. Hata hivyo sikuruka kitu, kwa sababu dhana si kipimo.

Nilikagua kiasi cha maji. Yalikuwa yamepungua kidogo tu. Nilikuwa nimetandika magazeti chini ya gari usiku kucha, nayo yalikuwa makavu. Nikabonyeza mkanda wa feni kwa kidole, ukaingia kama sentimita 1, nao ndio mkazo uufaao. Nikapiga maji rejeta kutoka nyuma kuja mbele, zikatoka mbegu za nyasi na wadudu, ingawa si wengi wa kuziba upepo. Jirani mwenye gari kama letu akaniazima kifuniko chake; nikaendesha nacho mlimani, hali ikawa ile ile. Baada ya safari hiyo nikakaribisha mkono kwenye magurudumu yote manne, kwa kuwa breki inayoshika daima huilazimisha injini kufanya kazi ya bure. Yote yalikuwa na joto sawa. Taimingi ya cheche nayo ilikaguliwa, maana ikichelewa injini hupata joto bila nguvu. Ilikuwa mahali pake.

Ilibaki ile hukumu kubwa ya gasketi. Gasketi iliyoungua haijifichi kwa mtu anayetazama. Moto wa silinda huingia katika maji, na maji huingia katika silinda au katika oili. Kwa hiyo, ukiwasha injini baridi hali kifuniko kimetolewa, utaona mapovu yakitoka bila kukoma. Mpira wa juu huwa mgumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha, kabla maji hayajapata joto. Oili kwenye kijiti cha kupimia hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Moshi huwa mweupe na mzito hata injini iwapo na joto. Na maji hupungua kila siku pasipo kuonekana yaendako. Nilitafuta dalili hizi tano moja baada ya moja, na kaka akiwa amesimama karibu. Hatukuona hata moja. Mtu aliyeihukumu injini ile kufa hakuwa ameipima.

Siku ya pili tuliliendesha mpaka mshale ukakaribia rangi nyekundu, tukazima mahali pa tambarare. Feni ilipokwisha simama, nikapitisha kiganja changu karibu na uso wa rejeta, juu mpaka chini, kushoto mpaka kulia. Juu palikuwa pa moto sana. Lakini upande mmoja wa chini, upana wa viganja viwili au zaidi, palikuwa baridi kama jiwe lililo kivulini. Nikamwambia kaka naye apitishe mkono wake. Mkulima hahitaji kuelezwa maana ya jambo hili: ukiona sehemu ya shamba imekauka na nyingine ina maji, wajua ya kuwa mfereji umeziba. Mirija ile ilikuwa imejaa uchafu, maji hayakupita, na rejeta yetu ilikuwa ikifanya kazi kwa sehemu tu ya mwili wake. Kwenye tambarare sehemu hiyo ilitosha, mlimani haikutosha.

Tulipopoa tukafungua koki mbili za kumwagia maji. Ya rejeta ilitoa maji ya rangi ya kutu. Ya pili, iliyo ubavuni mwa injini upande wa kushoto, haikutoa hata tone, ingawa injini ilikuwa na maji. Nikachokoa kwa waya. Kwanza ukatoka udongo mzito kama uji wa mtama, kisha maji mekundu. Ule ulikuwa udongo wa mito na madimbwi ya miaka mingi, uliochotwa kwa debe na madereva waliotaka kuwahi, pamoja na kutu ya chuma cha injini chenyewe. Udongo ukilala kuzunguka silinda huwa kama blanketi: joto haliwezi kutoka kwenye chuma kuingia majini.

Sasa nirudi kwenye themostati, kwa sababu hapa ndipo magari mengi yanapodhulumiwa. Themostati ni mlango mdogo ujifunguao kwa joto. Injini iwapo baridi, mlango hufungwa, na maji huzunguka ndani ya injini kwa njia ya mkato pasipo kwenda katika rejeta, ili ipate joto upesi. Maji yafikapo yapata digrii 82, mlango huanza kufunguka. Lakini katika injini hii ya Land Rover themostati ya asili ina kazi ya pili: ifungukapo kuelekea rejeta, ukingo wake huziba ile njia ya mkato. Ukiitoa na kuitupa, njia ya mkato hubaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto hurudi injini bila kupozwa. Ndiyo maana gari letu lilizidi kuchemsha baada ya "kutibiwa". Mlinzi wa mlango aliondolewa ili watu wapite upesi, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akiwaonyesha njia.

Tulinunua themostati mpya ya namna iliyokusudiwa injini hiyo, nami nikaijaribu kabla ya kuitia. Huitundikwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, pamoja na kipimajoto, na kutazamwa inapoanza kufunguka. Lakini mtu wa mlimani aangalie: themostati ya digrii 82 hufunguka yote karibu na digrii 95, na sufuria ya Kinangop huchemka kwa 92. Hutaiona ikifunguka yote, nawe usiitupe kwa sababu hiyo. Ikianza kufunguka penye digrii zake, ni nzima.

Siku ya tatu niliipeleka rejeta Naivasha kwa mzee mmoja afanyaye kazi ya kulehemu rejeta. Aliyeyusha risasi akafungua tangi la juu, akapitisha vijiti vyembamba vya chuma katika kila mrija mpaka mwanga ukaonekana upande wa pili, kisha akafunga tena. Nasi nyumbani tukaiosha injini kwa maji safi, yakiingia penye mahali pa themostati na kutokea penye koki, mpaka yakatoka meupe. Gharama yote, pamoja na mipira miwili mipya, haikufika bei ya mtamba mmoja.

Kisha tukapakia magunia ya viazi kama yale ya siku ilipochemsha, tukashuka nayo mpaka Naivasha na kupanda nayo tena. Kaka aliketi kando yangu, na macho yake hayakuuacha mshale. Ulipanda mpaka mahali pake pa kawaida, ukasimama hapo mpaka juu. Tulipofika aliniambia nisimamishe gari, akashuka, akapitisha kiganja chake juu ya rejeta pembe zote nne. Alipopanda tena alisema tu kwamba kesho maziwa yatoke saa 11 za alfajiri kama zamani.

Nilimpelekea yule fundi wa kwanza kopo lenye ule udongo, si kwa kumwaibisha, bali ili auone. Aliutazama kwa muda, kisha akanijibu, "Mzee, wenye magari hawakubali kungoja. Kila mmoja ataka liondoke leo."

Nami nakiri ya kuwa neno lake lina kweli ndani yake. Tukimwendea fundi kwa haraka, tutapewa kazi ya haraka. Basi tunapompelekea gari tumpe na habari zake: lachemsha wapi, baada ya muda gani, likiwa na mzigo au tupu, na maji yamepungua kiasi gani. Naye akisema kitu fulani kimekufa, tumwulize kwa heshima, "Fundi, umekipimaje?" Fundi wa kweli hufurahi kuulizwa hivyo.

Mwisho, wasomaji wangu, nawaomba myashike haya. Mshale ukipanda, simameni mapema, kabla ya mvuke. Gari lililosimamishwa katika dakika ya kwanza huponea kwa shilingi chache, na lililolazimishwa kufika nyumbani ndilo lipindalo hedi kweli kweli. Msifungue kifuniko cha rejeta yenye moto, kwa maana maji yaliyobanwa huruka usoni, na wako watu waliopoteza macho kwa jambo hilo. Msimimine maji baridi katika injini iliyowaka. Chuma kikipozwa ghafula hupasuka, na ufa wa injini hauzibiki kwa bei ya mkulima. Wekeni maji safi ya mvua, yaliyochanganywa na kulanti kwa kipimo kilichoandikwa juu ya kopo, kwa kuwa dawa hiyo huzuia kutu na kuyafanya maji yachelewe kuchemka. Chukueni debe la maji hayo garini, ili dereva asiwe na sababu ya kushuka mtoni.

Na katika kila gari liwemo daftari. Andikeni siku maji yaliyoongezwa, na kiasi chake. Siku mkanda ulipobadilishwa. Siku koki zilipofunguliwa. Kazi hiyo haimchukui dereva dakika tano kwa juma. Lau gari letu lingalikuwa na daftari la namna hiyo, mtu yeyote angalisoma kwamba koki ya ubavuni haikufunguliwa kwa miaka, na jambo lote lingalikwisha kwa waya na debe moja la maji. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ufa wa gari huonekana kwanza katika maandishi kabla haujaonekana katika mvuke.